Mama Guyo Amemwaga Mvua

Alhamisi, jioni. Mawingu yapo, upepo upo, na mimi nimeudhika hadi chai imenishinda.

Jana mvua ilinyesha, ya kwanza baada ya miezi ya vumbi. Leo tenki letu ni tupu.

Limemwagwa. Lote.

Nimepanga chumba kwenye ploti ya Mama Guyo hapa Isiolo mjini. Mfereji wetu hutoa hewa tu, na maji ya kisima tunayouziwa yana chumvi hadi sufuria zinashika ukoko mweupe. Kwa hivyo jana mabati yalipoanza kupiga kelele, wapangaji wote tulitoka nje kulowa. Tenki likajaa. Nililala nikiwazia kuosha nywele kwa maji yanayotoa povu.

Leo nimetoka shule nikakuta ua wote ni tope, mbuzi wa jirani wanakunywa kwenye madimbwi, na Mama Guyo ameketi kando ya tenki, roho imetulia kabisa.

"Mwalimu, hiyo maji ya asidi nimemwaga yote. Alhamdulillahi, hakuna mtoto alikunywa."

"Asidi gani, Mama?"

"Si ni wewe ulifundisha Halima?"

Halima ni binti yake, na yuko katika darasa langu la kemia. Jumatatu nilifundisha mvua ya asidi. Nilieleza kwamba penye viwanda vingi vinavyochoma makaa ya mawe, gesi za salfa na naitrojeni hugeuka asidi mawinguni. Asidi hiyo ikinyeshea msitu mwaka baada ya mwaka, inaupokonya udongo kalsiamu na magnesiamu, ambazo ni chakula cha miti, na kuzisomba hadi mtoni. Kisha aluminiamu iliyokuwa imejifungia ardhini inaachiliwa. Inaumiza mizizi, inaingia kwenye maji, samaki wanashindwa kupumua. Nikamalizia kwa madaha: miti inakufa njaa huku imelowa.

Sentensi hiyo niliipenda sana. Ndiyo pekee iliyofika nyumbani.

Viwanda havikufika. Wala haikufika ile sehemu kwamba mvua yoyote ina asidi kidogo tu isiyodhuru mtu, na kwamba udongo wetu huku, kwa chokaa iliyomo, unaizima bila shida.

"Mama, kiwanda kiko wapi hapa?"

"Kwani moshi inaulizwa kitambulisho barabarani?"

Na moshi kweli husafiri mbali. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Unafundisha watu kuogopa kitu cha kweli, wanakiogopa mahali ambapo hakipo, na bado wana hoja.

Nikainamisha tenki, nikakinga yale ya chini kabisa kwenye kikombe, nikayanywa yote mbele yake. Yalikuwa matamu. Halima alikuwa mlangoni, leso mdomoni, karibu kulia.

Mama Guyo aliniangalia vile mtu humwangalia mbuzi aliyemeza karatasi ya plastiki.

"Haya, Mwalimu. Tutakuona asubuhi."

Jumatatu narudia somo lote, na safari hii naanza na udongo wa Isiolo, misitu ya ng'ambo baadaye. Lakini kwanza kuna kesho. Lazima niamke mapema na nionekane uani nikiwa mzima, kwa sababu nikichelewa kitandani hata kidogo, mtaa mzima utafungulia matenki.