Neno Nililomwambia Nyangeta Kuhusu Mfuko

Morogoro, Jumapili baada ya ibada

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, aliyetuamsha salama wewe huko Butiama na mimi huku. Goti la mama limepata nafuu? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anatuzungusha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umenishikisha kalamu, maana nimekupigia simu mara mbili nikaishia kuuliza habari za mvua.

Ulishajua kiwanda kimekosa oda, tumewekwa nyumbani kwa nusu mshahara mpaka kazi irudi. Siku ile tunatangaziwa, watu walinizunguka getini, kwa sababu mimi ndiye naongozaga sala ya asubuhi. Kati yao alikuwepo Nyangeta wa Bunda, yule fundi cherehani aliyekuletea kitenge. Amekaribia kustaafu. Dada yake alikuwa amemtafutia kazi ya upishi kwenye shule moja hapo Bunda, mshahara kamili, na mchango wa pensheni unaendelea. Akaniuliza, "Kaka Magesa, nikibaki hapa kwa hii nusu, mchango wangu wa uzeeni utaguswa?"

Mke wangu, nilikuwa sijui. Lakini nilijibu kama mtu anayejua. "Nusu ni ya mkononi tu, dada. Kule kwenye mfuko hakuguswi." Halafu nikaomba, nikamshukuru Mungu kwa hilo mbele ya watu wote. Nyangeta akaikataa kazi ya Bunda.

Juzi alikuja hapa ninapopanga, simu mkononi. Ameangalia michango yake, nayo imeshuka nusu. Tukaenda wote ofisini. Karani akatueleza taratibu kwamba makato yanafuata mshahara unaolipwa mwezi huo. Ukipungua, anachokatwa mfanyakazi kinapungua, na anachoongeza mwajiri kinapungua vilevile. Kumbe ndivyo ilivyo siku zote, na huyo karani anakaa chumba cha pili tu kutoka getini.

Nilitegemea Nyangeta atanigombeza. Njiani akacheka, akasema, "Mzee wa kanisa, kumbe ulinishukuria nusu." Tukatembea. Baadaye akasema polepole, "Nilikuwaga nimeshafunga mabegi, kaka." Afadhali angenitukana.

Sasa nakuomba. Ukienda Bunda siku ya soko, pita kwa dada yake, mwende wote kwa mwalimu mkuu mkaulize kama jiko limeshapata mtu. Kama limepata, niambie hivyo hivyo, usinipoze. Na dada yake akikuuliza, usimwambie kwamba mumeo alielewa vibaya. Mwambie alisema asichokijua.

Kesho tunaitwa kusaini nusu mshahara kwa mwezi mwingine. Nitasimama pale pale getini niwaambie watu ukweli kabla hawajashika kalamu, waende kwanza kwa karani. Nyangeta amesema atakaa mbele kabisa, anisikie vizuri. Sijui kama ananitania.

Nisalimie mama yangu, na mdogo wangu anayetuchungia, na shemeji wa duka la mbegu. Neema mwambie asiache kwaya. Wewe niombee. Mimi kesho sitafungua sala mpaka niwe nimeshasema.

Mumeo,
Magesa