Seli Haikukosea

Maabara ya Macho,
Chumba Na. 9,
S.L.P. 318.
Tarehe 12 Machi.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na cherehani, bado inakugomea? Mimi ni mzima, ila nimepauka kwa kushinda gizani. Na nina hasira, nisikufiche.

Unaijua kazi yangu: tunatandaza utando wa nyuma ya jicho la panya juu ya nyaya ndogo mno, tunauwashia na kuuzimia kitaa, kisha tunasikiliza umeme wa seli zake ukilia kwenye spika. Chumba lazima kiwe giza totoro, na mlangoni pameandikwa BISHA, USUBIRI. Aliyeandika ni bosi wetu, tunayemwita Bwana Hakika.

Basi mwezi uliopita nani kafungua bila hodi? Yeye mwenyewe! Mwanga wa korido ukajaa chumba kizima. Utaratibu ni kutupa kipimo na kuanza upya. Mimi kwa hasira sikuzima mashine.

Shangazi, weee! Seli iliyokuwa ikilia kitaa kikizimwa tu, ilipouzoea ule mwanga ikaanza kulia hata kikiwashwa. Nikarudia kwa makusudi, panya baada ya panya, nikipandisha mwanga wa chumba kidogo kidogo. Seli nyingine zilianza kuitikia kitaa, nyingine ziliacha. Seli ni ile ile. Jibu linategemea mwanga iliouzoea.

Bwana Hakika anashikilia kwamba seli ina kazi moja, kwa hiyo nimeharibu vipimo. Ameniletea karatasi nisaini kuwa nilikosea, la sivyo mkataba wangu haurefushwi. "Saini tu, yaishe." Yaishe! Mlango afungue yeye, kosa liwe langu? Sisaini ng'o.

Nilikukumbuka ulivyokuwa ukiingia kutoka juani, uzi haupiti kwenye sindano, baba anakucheka eti umezeeka. Ulimjibu, "Niache nizoee kwanza." Punde ukautunga bila miwani.

Alhamisi nimepewa dakika kumi nijitetee mbele ya kamati ya maabara. Wakinifukuza nakuja kwako, unifundishe kukunja pindo. Lakini nitaanza kwa kuzima taa zote. Bwana Hakika akilalamika haoni kitu, nitamwambia azoee kwanza.

Nisalimie baba. Na binamu fundi redio mwambie spika aliyoniundia ndiyo shahidi wangu.

Mungu akutunzie macho yako, na ulimi wako pia.

Mwanao mbishi, akupendaye sana.