Uji wa Wambura

Jumanne, 4 Machi
Nimevuna nusu ya shamba, mgongo unaniuma. Mwanangu amepiga simu kutoka Meru. Mama ya mkewe Karimi amewapelekea mahindi mapya ya uji wa mtoto. Amenitangulia! Mtoto anaitwa Wambura, jina langu, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Basi huyo ni mimi. Mimi nilishwe na mwanamke mwingine?

Alhamisi, 6 Machi
Mawingu. Sikungoja jua. Nimetia mahindi guniani nikayapiga fimbo kama nyoka mpaka yakapukuchuka. Mengi yamepasuka. Mabichi kidogo, yatakaukia humo humo. Magunia nimeyalaza chini chumbani, juu ya udongo, wezi wasiyaone.

Jumatano, 19 Machi
Karimi anakuja keshokutwa na mtoto. Mama yake pia. Nani alimwita?
Nimetia mkono guniani. Joto, kama maziwa ya kukamuliwa sasa hivi. Yananuka uvundo. Nimetoa yenye ukungu, mengine nimesaga. Mtoto atakunywa uji wangu, huyo mama aone.

Ijumaa, 21 Machi
Ameona. Uji ulikuwa karibu na mdomo wa mtoto, mama ya Karimi akanusa, akashika kikombe.
"Dada, nionyeshe gunia."
Dada! Nyumbani kwangu!
Akatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa. Chumvi ikaganda kwenye chupa.
"Bado yana maji. Ulifunga mabichi, tena yaliyopasuka. Na udongo unayapandishia unyevu."
"Nimetoa mabovu."
"Sumu ya ukungu haionekani yote, dada. Na haitoki hata ikipikwa."
"Umekuja kunipimia ukungu?"
Karimi akainamisha uso. Mtoto akalia njaa. Nilitaka kumfukuza mama ya Karimi na chupa yake. Lakini huku kwetu watu wamezikwa kwa mahindi kama haya. Najua. Nilijua hata nilipokuwa nikisaga.
Uji nimeumwaga mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi
Tumechimba shimo nyuma ya choo, tukayafukia yote. Hata kuku sikuwapa. Mama ya Karimi alichimba kunizidi. Hata hilo limeniuma.
Nusu iliyobaki shambani tutaianika juu ya turubai, tuipange juu ya mbao.
Jioni mama ya Karimi alikoroga uji wa unga wake. Mtoto amekunywa, akalala kifuani kwangu, uji umemkaukia mdomoni. Nimempangusa na leso yangu. Mama ya Karimi alinyoosha mikono ambebe.
Nimemwambia angoje.