Nyumba za Kutegesha Ndani ya Kinamasi

Itiryo, Jumanne. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka puani, na mimi nimenuna.

Nimenuna kwa sababu leo nimewadharau watu wengi mno kwa siku moja, na mmoja wao ndiye aliyenilea.

Kazi yangu ni kutafuta ardhioevu na kuichora kwenye ramani. Safari hii kuna kampuni inataka kujenga mtambo wa kuchenjua dhahabu kwenye bonde lililo juu ya kisima cha kijiji. Mtambo unatumia sayanidi, na sheria inataka ukae mbali na chanzo cha maji. Kwa hiyo mstari wangu ndio utakaoamua kama watu hawa wataendelea kunywa maji au wataanza kunywa sumu.

Meneja wa kampuni alikuja na viatu vyeupe. Akakanyaga nyasi, akasema hapa ni pakavu, niandike hivyo tukale. Ni kiangazi, na yeye anapima maji kwa soli ya kiatu! Matete yamemfika mabegani na hajiulizi yanakunywa nini. Watu wa aina hii ndio wanaopewa magari.

Lakini meneja ana nafuu. Wanakijiji ndio walionichefua.

Tangu tetesi za mtambo zienee, wametegesha. Nani huku asiyejua kutegesha? Unainua kibanda haraka haraka, unabandika mabati, unachomeka migomba, kisha unamsubiri mthamini akuandikie fidia. Wamefyeka matete wakajenga humo humo bondeni, pale ng'ombe wa kijiji kizima walipokuwa wakipata majani mabichi wakati wa ukame. Nyumba hazina milango. Hakuna aliyewahi kulala humo. Fidia wanaizungumza kutwa nzima, kisima hakuna anayekitaja.

Nyumba kubwa kuliko zote ni ya baba mkubwa, yule aliyenilea.

Nilimwamkia, akafurahi, akanishika mkono akanitembeza chumba kwa chumba kama dalali. Nikaingiza keekee ya udongo katikati ya sebule yake. Ukatoka udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, ule unaopatikana tu pale maji yanapotuama muda mrefu. Punde shimo likajaa maji. Agosti hii! Sebuleni!

"Mura, kijana wangu, ziba hilo shimo," akasema.

"Tata, hapa ni kinamasi. Mtambo ukikaa hapa, kisima chenu kimekwisha."

"Maji tutanunua Tarime. Wewe andika pakavu."

Kununua maji Tarime! Mtu anayenuniana na mkewe kwa kipande cha sabuni. Nilitaka kumcheka nikashindwa, maana mkono ulionivuta chumba kwa chumba ndio ulionishika siku tulipomzika baba. Nilifuta keekee yangu kwenye suruali nikatoka nje, na sikuziba shimo.

Jioni nikarudi mjini Tarime, nikakaa hapa kwenye chumba changu cha kupanga Nyamisangura, nikachora. Mstari umepita palepale udongo uliponiambia upite, na sebule yake iko ndani kabisa: hakuna mtambo, hakuna fidia. Nimeituma ramani ofisini na kwa meneja kabla roho haijalegea.

Habari zilimfikia baba mkubwa kabla sijamaliza chai. Akapiga simu. Hakutukana, na ningependa angetukana, matusi nayajibu vizuri. Alisema polepole kwamba nisikanyage tena kwake, hata Krismasi, kwamba kwake yeye mwana wa ndugu yake amezikwa leo.

Baada ya hapo nikasikia amekata.

Bado namdharau. Nimejaribu kuacha, naona tu ile sebule imejaa maji na yeye ananiambia nizibe. Ningeambiwa nichore upya kesho, ningechora hivi hivi.

Sasa mbona simu nimeiweka mapajani, sauti juu, nasubiri apige?