Kengele ya Mbwa wa Babu

Jumapili, 5 Oktoba
Kahawa kitandani tena. Wiki ya sita ya ndoa na Erik bado ananiletea, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Nampenda mpaka nacheka peke yangu.

Mchana kwa baba mkwe. Akaweka mezani urithi wa marehemu babu yake Erik: bunduki ya marisawa ya mitutu miwili na kengele ndogo ya shaba. Babu alifuga mbwa wa kuwindia ndege, ukoo mmoja tangu ujana wake. Wa mwisho, kitoto cha miezi mitatu, alikuwa akitafuna kamba ya kiatu changu. Msituni mbwa haonekani, husikika kwa kengele tu. Ikinyamaza, amesimama. Ndege yuko mbele yake.

Mbwa wa babu yangu, kule Kongo, walivaa kengele za mti! Babu wawili, misitu miwili. Nilitaka kulia kwa furaha.

Bunduki sikuigusa.

Jumatatu, 6 Oktoba
Leseni ya bunduki imetoka polisi. Kabati la chuma la kuifungia linaletwa Ijumaa. Litakaa chumbani, upande wangu. Erik anapima ukuta huku anaimba. Sijasema kitu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama kapiga simu kutoka kwake Hallunda. "Sisi tulikimbia bunduki, wewe umeenda kuolewa nayo?" Akacheka sana. Mimi sikuweza.

Naogopa. Nilikuwa na miaka saba watu wenye bunduki walipoingia kwetu, kule Kongo. Nikimwambia Erik, nitakuwa nimemnyang'anya babu yake. Nisipomwambia, nitalala vipi?

Ijumaa, 10 Oktoba
Kabati halikuja. Erik amelikataa. Bunduki ataichukua dada yake, ambaye huwinda kila mwaka. Nani amekwambia, nikauliza.

"Wewe," akasema kwa Kiswahili chake alichojifunza kwenye nyimbo za kwaya. "Tangu Jumapili umenyamaza, mke wangu. Babu alinifundisha: kengele ikinyamaza, simama, tazama kuna nini."

Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Nikamweleza yote, tangu nilipokuwa na miaka saba. Shati lake limelowa. Sijawahi kupendwa hivi.

Jumapili, 12 Oktoba
Ukungu mji wetu wote, Sundbyberg. Tumemleta nyumbani kitoto cha mbwa wa babu, kengele shingoni. Inalia jikoni, sebuleni, chini ya meza.

Kisha kimya. Tukasimama wote wawili.

Yuko kwenye kioo cha roshani, mguu mmoja juu, anamtazama njiwa. Erik akanishika mkono. Hakuna aliyesogea. Njiwa naye hakuwa na haraka.