Zamu za Kamera Nne

Jumatatu, 3 Machi

Kamera nne, na kikompyuta cha bodi moja kisichozidi pakiti ya karata. Kamera ni zawadi ya Bosi wangu wa karakana. Kasema ni za kumwangalia mama.

Mama hajakanyaga chini tangu aanguke bafuni, miezi minane sasa. Mdogo wangu wa kike, Kitinda, ndiye anayemuuguza. Bosi anataka kumwoa Kitinda, na mimi nilishatoa neno, maana baba hayupo na kaka mkubwa ndiye mimi. Kitinda hajakataa. Anauliza tu: nani atamgeuza mama kitandani? Sasa mama nitamwona kwenye simu nikiwa karakana, na mke wangu atakuja kumgeuza, tunakaa mtaa wa pili tu. Kisingizio kwisha.

Nimeziwasha zote nne kwa mpigo. Picha zikaganda. Nikagusa bodi — nusura niungue kidole.

Jumanne, 4 Machi

Imekubali! Siri ni zamu. Kamera moja inafunguka dakika tano, inafungwa, inafuata nyingine: chumbani kwa mama, sebuleni, mlangoni, jikoni. Inayofanya kazi inawaka kitaa chekundu. Nimebandika na kifeni. Bodi imepoa kama maji ya mtungi.

Nimemweleza mama utaratibu wote. Kasikiliza vizuri mno, hata akauliza mara mbili nani anamfuata nani. Kisha kaomba saa ya ukutani itolewe sebuleni ipelekwe chumbani kwake. Nimefurahi. Mgonjwa anayetaka kujua saa anataka kupona.

Jumatano, 5 Machi

Mama kitandani. Dakika kumi na tano, mama kitandani tena. Kutwa nzima. Bosi kachungulia simu yangu, kasema, "Kifaa kinafanya kazi. Lakini wazee siwaleti penye mgonjwa. Mama akisimama tu, nawaleta."

Alhamisi, 6 Machi



Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Uliporudi, kikompyuta kikazipanga kamera upya, kila moja kwa jinsi ilivyowahi kuamka. Sikujali. Chumbani ikafungwa, mama kalala chali. Badala ya sebule ikaja jikoni. Nikaona mlango unafunguka na mama anaingia. Kwa miguu yake! Hakuchechemea, hakushika ukuta. Akafunua sufuria, akaonja, akaongeza chumvi.

Halafu akaona kitaa kinawaka. Akaganda na mwiko mkononi, akarudi nyumanyuma mpaka nyuma ya mlango. Dakika zote zilizobaki nilikuwa natazama kidole gumba cha mguu wa mama yangu kikichungulia chini ya mlango.

Niliangusha bisibisi. Fundi wa meza ya pili kaniuliza kama nimepigwa shoti. Nikasema ndiyo.

Jioni nimepita kumsalimu. Nimemkuta kitandani, shuka mpaka kidevuni. Kauliza mashine yangu imeonaje leo. Nikamwambia iliganda, haikuona kitu. Kashusha pumzi. Kisha kaniomba, mwanangu, nirudishe mpangilio ule wa kwanza, huu mpya unamchanganya.

Nimeurudisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua jikoni bila zamu yake. Mama na Kitinda walikuwa wameipa kamera mgongo, wanachambua mboga, saa ya chumbani imewaambia wako salama. Kamera ile inachukua sauti.

Mama alikuwa analalamika mgongo, kulala kunamuua kuliko kufua. Kitinda akamwambia, basi yaishe, simama, mimi nitaolewa tu. Mama akasema hapana. "Nikisimama leo, kesho wazee wake wako sebuleni. Kaka yako ameshatoa neno, na neno lake halirudi, unamjua. Kamrithi baba yake."

Nilikwenda chooni nikakaa. Miezi minane nyuma, neno nililitoa Jumapili, mama kaanguka Jumatano yake. Siku hizi mbili sijawahi kuziweka pamoja, mimi ninayelipwa kutafuta hitilafu!

Halafu nikakumbuka: Kitinda sikumuuliza. Nilimwarifu.

Nimemweleza mke wangu. Hata hakuacha kukunja nguo. "Mwenye macho haambiwi tazama," kasema. Ndala za mama zimelika soli na kubadilishwa mara mbili tangu augue. Na yeye alijua! Nikamuuliza mbona hakuniambia. Kasema, "Kwani wewe huwa unaambiwa?"

Usingizi hauji. Nina aibu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa sita na robo. Nilikuja nimejipanga kumwambia Bosi leo kwamba neno nalirudisha. Nimelikariri njia nzima. Kabla sijafungua mdomo, yeye kaja mezani kwangu anatabasamu. Kampata daktari wa mifupa, rafiki yake. Daktari ameshatoka, tutakutana naye mlangoni kwa mama. "Leo atasimama," kasema. "Funga meza twende." Kaenda kuleta gari. Nami nikasema ahsante. Ahsante!

Nimefungua kamera. Chumbani kitanda kitupu. Sebuleni hakuna mtu. Jikoni, mama yuko juu ya kiti, anatundika pazia, pini mdomoni.

Napiga simu ya Kitinda. Naisikia inaita palepale jikoni, juu ya meza. Kitinda haonekani. Mama kaitazama, kaiacha. Mgonjwa wa kitandani hapokei simu ya jikoni.

Napiga tena. Kaendelea na pazia.

Kamera iko juu ya kabati, karibu kabisa na uso wake. Nimeizima. Nimeiwasha. Nimeizima, nimeiwasha, haraka haraka, kitaa kimepepesa: rudi kitandani, mama.

Mama kageuka. Anakitazama kitaa, pini bado mdomoni. Nimezima, nimewasha. Katoa pini. Sasa ananitazama mimi, namna alivyokuwa akinitazama nikirudi kutoka shule na uongo.

Hashuki. Nje Bosi anapiga honi. Nimezima, nimewasha