Kwa Tata, Kuhusu Makoti ya Mbwa na Jua la Julai

Mpendwa Tata, shangazi yangu,

Leo nimeamka nikachungulia dirishani kabla hata sijamfunika mwanangu Kui. Ukungu umejaa, hata paa la jirani silioni. Nikasema asante Mungu. Halafu nikakaa kitandani nikajishangaa. Ni mimi kweli ninayeomba jua lisitoke? Mimi uliyekuwa ukinitania ati nilizaliwa kuota jua kama mjusi?

Ninaogopa, Tata. Ninaogopa tangu jana mchana, na hakuna mwingine wa kumwambia akaelewa, kwa sababu kazi hii ni wewe uliyenipa. Nakuandikia hapa mezani pako, kando ya mashine yako ya kufuma, nikimngojea mtu wa boda amalize kupeleka watoto wa shule ndipo anipeleke Gatuanyaga. Anasema ana safari mbili kwanza. Kui bado amelala. Nikikaa bure nawaza mabaya, afadhali mikono ishike kalamu. Na barua hii sitaifunga. Yeyote anayeshonea wanyama aisome, hata akinicheka.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Tulikuwa na masweta ya shule mpaka magotini, na yule mama wa Ruiru akaingia na kambwa kadogo kwapani, kamenyolewa mwili mzima, kanatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Akauliza kwa aibu kama tunaweza kumfumia sweta. Ulivua miwani, ukamtazama mbwa, ukamtazama mama.

"Huyu anasoma shule gani?"

Mama wa watu alicheka mpaka akatafuta kiti. Ukampima mbwa shingo, kifua na mgongo, ukiniitia namba niandike, na kila akijipinda unamwambia, "Simama wima, mwanafunzi." Uzi uliobaki ulikuwa wa kijani, wa ile shule ya juu, kwa hivyo alitoka amevaa kijani kibichi, amekosa beji tu. Vijana wa viatu pale nje wakapiga kelele, "Tata, naona darasa la kwanza limeongezeka!" Na wewe bila kugeuka, "Ndiyo, na huyu hatarudia darasa kama wewe."

Baada ya hapo wakaja wengine. Ruiru, Murera, Kalimoni. Watu walioanza kuishi na mbwa ndani ya nyumba, na wengine wenye mbwa wazee wa boma ambao baridi inawakaza viungo. Wewe ukapanga kazi kama mkulima. Rafu ya njahi ilikuwa ya makoti ya mvua ndefu, uliyokata kutoka kwenye miavuli iliyovunjika. Rafu ya gathano, masweta ya miezi ile ya baridi na mawingu. Rafu ya mvua fupi ilikuwa na makoti yanayofunika tumbo, kwa sababu mvua ile ni ya matope. Na ya kiangazi, vishati vyeupe vya pamba kwa walionyolewa, wasiungue mgongo. Hukufuata kalenda ya ukutani. Mwezi wa tatu, jasho likikutiririka, ulikuwa tayari unafuma gathano.

"Baridi haingojei fundi, Maitu."

Uliniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa asiyejua kushika sindano na mwanamke mzima ananiita mama mbele ya wateja. Nilikuwa naona haya. Sasa hakuna anayeniita hivyo.

Kitu kimoja sikukielewa kabisa. Kila nguo yako ilifungwa chini ya tumbo kwa ukanda mwembamba wa pamba, na fundo linaloteleza. Mbwa akinaswa na ua au akijivuta kwa nguvu, ukanda unaachia. Wateja walilalamika sana. Nakumbuka baba mmoja alikuja na sweta mkononi, limejaa matope.

"Tata, mbwa wangu amerudi nyumbani uchi."

"Afadhali arudi uchi kuliko asirudi," ukamjibu. Na alipoondoka ukaniambia, "Nguo ya mnyama lazima ikubali kushindwa. Yeye hana mkono wa kujivulia."

Tata, nisamehe. Miaka hiyo yote nilifikiri unatetea kazi mbaya.

Ulipoondoka duniani, Kui alikuwa tumboni. Nilibaki na mashine, na rafu zako nne, na mpango wako kichwani. Lakini misimu imeacha kushika ahadi. Mwaka jana nilijaza rafu ya gathano kama ulivyonifundisha, na Julai ikaja na jua la Januari. Watu wakapita nje na mikono wazi. Masweta yalikaa pale mpaka nikayaonea huruma. Mwaka huu mvua ikakatalia mpaka Juni, halafu baridi ikashuka siku moja, kali, ya kuuma masikio. Nikasema mara hii hainiachi. Nikapekua simu, nikaona picha ya koti la mbwa: nje haliingizi maji, ndani lina kitambaa kizito kama blanketi, shingo ndefu, na zipu kutoka shingoni mpaka mkiani. Mbwa wa ile picha amesimama kwenye theluji mpaka magoti. Mimi nikaangalia koti, sikuangalia theluji.

Nikashona ishirini. Ukanda wako wa pamba nikautoa. Zipu ya chuma, imara, hakuna mbwa wa kurudi uchi tena. Wateja walinisifu. "Sasa hii ndiyo kazi," mmoja akaniambia, na mimi nikafurahi kama mtoto. Nakiri hata nilikufikiria, nikasema moyoni, Tata angeona.

Kumbe gathano ya mwaka huu ina sura mbili. Asubuhi unaona pumzi yako. Saa tano mawingu yanapasuka ghafla na jua linawaka kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Nililiona. Kui ndiye aliyenionyesha. Wiki iliyopita nilimvalisha sweta asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana akaanza kulivuta, uso umelowa jasho, "Mami, joto! Joto!" Nikamwambia akae nalo, kuna baridi. Akalia, akajirusha chini, akalitoa kichwani mwenyewe. Nilimkemea, Tata. Nilimkemea kwa kuniambia ukweli.

Jana ndipo Mwalimu Njoroge alipopiga simu. Unamkumbuka, yule mwalimu mstaafu wa Murera anayeishi peke yake na mbwa wake, Bosco. Uliwahi kumwambia wamefanana, akakubali. Bosco sasa ni mzee, miguu ya nyuma ni mizito, ndiyo maana Mwalimu alimnunulia koti la kwanza kabisa. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Akamvalisha, akamfungia uani, akaenda kwenye mkutano wa kanisa. Mkutano ukarefuka, jua likatoka.

Nilikuwa namlisha Kui ugali. Nikasikia sauti yake haiko sawa.

"Mama Kui, hii koti inafunguliwa aje?"

"Zipu iko shingoni, Mwalimu. Ivute nyuma tu."

"Nimevuta. Imekula manyoya. Haiendi mbele, haiendi nyuma. Na Bosco amelala, ulimi uko nje. Ananiangalia tu."

Nilisikia ile pumzi, Tata. Kwenye simu. Fupi fupi, kama mtu anasugua sakafu.

"Kata," nikamwambia. "Chukua makasi, ukate."

"Nikate kazi yako? Si ngoja nijaribu na sabuni..."

"Mwalimu, kata! Kata sasa hivi! Anzia shingoni!"

Simu ikaanguka. Nikasikia kitambaa, na kitambaa kile ni kigumu, mimi mwenyewe nilikichagua kwa ugumu wake. Nikasikia mzee wa miaka sabini akihema na kusema, "Pole mzee wangu, pole, pole." Kui ananiuliza, "Mami, nani analia?" Nikapiga kelele kwenye simu kwamba amwagie maji makwapani na tumboni, yasiwe ya barafu. Sijui kama alinisikia.

Jirani yake ana pikapu, wakamfikisha kwa daktari wa mifugo hapa Thika. Nilikimbia huko na mtoto mgongoni. Bosco alikuwa chini kwenye saruji, ana kitambaa kilicholowa juu yake, na Mwalimu amekaa hapo hapo sakafuni na suruali yake ya kanisa. Daktari akasema ingekuwa nusu saa zaidi angekuwa anazungumza nasi mengine. Halafu akaokota vipande vya koti, akauliza ni nani aliyeshona.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Ziko ngapi nje?"

Ndipo hofu iliponishika, Tata, na haijaniachia. Kwa sababu ziko kumi na tisa. Juu ya wanyama kumi na tisa ambao hawajui kusema "Mami, joto."

Nilikaa pale nje kwa daktari nikawaza mambo ya aibu. Niliwaza ninyamaze. Niliwaza labda Bosco ni uzee tu, wengine ni vijana, watavumilia. Niliwaza nikipiga simu jina langu litaisha Ruiru yote kabla ya jioni, na nina mtoto anayekula kwa jina hilo. Nikageuka nikamwona Kui amechuchumaa kando ya Bosco, anampepea na kadi ya kliniki. Nikatoa simu.

Nilianza na yule mama wa kwanza, wa sweta la kijani, maana nilijua hataniumiza. Akasema, "Nalivua sasa. Asante kwa kusema." Wa pili akaniuliza, "Kwani ulinishonea nguo ama mtego?" Nikamwambia, "Nilikosea. Livue kwanza, halafu unitukane nikiwa kwenye laini." Akalivua. Akanitukana. Nikangoja amalize, nikamwomba arudishe koti nilishone upya, nikampigia wa tatu. Mwingine alidhani ni utani, akasema, "Sasa Mama Kui, mbwa gani wa Kenya anakufa kwa sweta?" Nikamwambia sitakata simu mpaka nisikie zipu. Akashangaa sauti yangu. Hata mimi niliishangaa.

Kumi na wanane wamejibu. Mmoja hajajibu, na ndiye ninayemwendea.

Ni Nduta wa Gatuanyaga. Anafanya kazi kwenye kiwanda ambako wanaacha simu getini wakiingia, na wanaingia kukiwa bado giza. Jana usiku simu yake ilikuwa imezima, labda chaji ilikuwa imeisha, na usiku sikupata boda wa kunipeleka huko. Asubuhi hii bado imezima. Mbwa wake anaitwa Chui, yule aliyemwagiwa maji moto na watu wasiojulikana, mgongo mzima hauna manyoya. Lile koti nilimpa bure, kwa sababu Chui alikuwa analala akijikunja juu ya kovu. Nduta alinishika mikono yote miwili. Akasema atamvalisha kila asubuhi kabla ya kutoka, asipigwe na baridi akiwa peke yake. Kila asubuhi, Tata. Na Gatuanyaga unaijua, jua likitoka huko halina mti wa kulizuia. Chui anafungwa kwa mnyororo mpaka jioni.

Nimepiga tena sasa hivi. Imezima.

Nikirudi nitashusha rafu zako zote nne. Sitazitupa, lakini siwezi tena kupanga nguo kwa miezi, nitapanga kwa saa. Koti jepesi la nje peke yake, na kitambaa cha joto cha ndani kinachotoka, ili asubuhi mbwa awe wa gathano na mchana awe wa kiangazi bila mwenye mbwa kununua mbili. Na chini ya tumbo ukanda wa pamba, mwembamba, wenye fundo la kuteleza. Wakilalamika nitawajibu kama ulivyowajibu. Kila nguo nitaivaa mimi mkononi kwanza nisimame nayo juani. Na mtu akiniambia atamfungia mbwa aende kazini mpaka jioni, sitamuuzia. Akasirike.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo sina mpango wowote, nina makasi kwenye mfuko na chupa mbili za maji.

Ukungu umeanza kupungua. Sasa naliona paa la jirani, na nyuma yake kuna weupe nisioupenda. Kui ameamka, anataka uji, nimemwambia atakunywa njiani. Amekataa sweta. Sijamlazimisha.

Kama unaona huku chini kutoka huko uliko, usinihurumie mimi. Simama kati ya lile wingu na lile boma la Nduta, hata kwa saa moja tu. Ulikuwa mpana, Tata, unaweza.

Boda amefika, anapiga honi. Pumzika, mimi nakimbia.

Msichana wa kaka yako,
Thika